Johannes Kepler na Dakika Nane za Mirihi



Ndugu zangu, kila tunapofanya darsa ya Uislamu na sayansi hapa chuoni, majina huwa ni yaleyale: Al-Khwarizmi na aljebra, Ibn Sina na tiba, Ibn al-Haytham na nuru, Al-Biruni na vipimo vya dunia. Tunapiga takbira, tunafurahi, kisha tunakwenda kuswali. Kuwakumbuka ni haki yao, na simo katika wanaosema tuwasahau. Lakini mimi nasoma fizikia, na kuna swali ambalo darsa hizo hazilifikii: baada yao kulitokea nini? Elimu iliyotoka Basra, Raqqa na Cairo ilifika mikononi mwa nani, na aliyeipokea aliifanyia nini hata elimu ya maumbile ikageuka sura?

Jibu kamili linahitaji kitabu kizima. Mimi nimechagua maisha ya mtu mmoja, Johannes Kepler, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1571 na kufariki mwaka 1630. Hakuwa Muislamu. Alikuwa Mkristo wa madhehebu ya Kilutheri, na alitaka kuwa mhubiri kabla ya kuwa mwanafalaki. Nimemchagua kwa sababu alirithi moja kwa moja kutoka kwa wanazuoni wetu, na kwa sababu katika maisha yake kuna jambo dogo sana, dakika nane tu, ambalo naamini kila mwanafunzi wa Kiislamu anayeingia maabara anapaswa kulijua.

Mtoto wa macho mabovu

Kepler alizaliwa tarehe 27 Desemba 1571 katika mji mdogo wa Weil der Stadt, kusini mwa Ujerumani ya leo. Nyumba yao haikuwa na raha. Baba yake alikuwa askari wa kukodiwa, aliyekwenda vitani na kurudi, hadi siku moja akaondoka asionekane tena. Mama yake, Katharina, alikuwa binti wa mwenye nyumba ya wageni, na alijua dawa za miti shamba. Utotoni Kepler aliugua ndui. Alipona, lakini macho yake yalibaki dhaifu na mikono yake ikapata hitilafu. Mtu ambaye angekuja kuieleza mbingu kuliko waliomtangulia hakuweza kuzitazama nyota vizuri.

Mwaka 1577 ilitokea nyota kubwa yenye mkia, na mama yake akampeleka mahali pa juu akaione. Mwaka 1580 akaonyeshwa kupatwa kwa mwezi. Hakuyasahau mambo hayo mawili maisha yake yote.

Kwa kuwa alikuwa na akili na familia haikuwa na mali, alisomeshwa kwa ufadhili wa serikali ya eneo lake hadi akaingia Chuo Kikuu cha Tübingen mwaka 1589. Huko alimkuta mwalimu Michael Mästlin, mmoja wa wachache waliofundisha rai ya Copernicus, kwamba jua limetulia katikati na dunia ndiyo inayolizunguka. Kitabu cha Copernicus kilitoka mwaka 1543. Ukikifungua utakuta ndani yake jina la Al-Battani, mwanafalaki wa Raqqa aliyefariki mwaka 929, na utakuta hesabu za mizunguko zinazofanana na zile zilizobuniwa na Nasir al-Din al-Tusi katika karne ya 13. Kwa hiyo alipokaa kwenye dawati la Tübingen, kijana huyu alikuwa anasoma kitu ambacho ndani yake mlikuwa na jasho la watu wetu.

Mwaka 1594, kabla hajamaliza masomo ya dini, alipelekwa Graz, Austria, kufundisha hisabati. Mwaka 1596 akatoa kitabu chake cha kwanza. Wakati huo zilijulikana sayari sita, dunia ikiwamo. Kepler alijiuliza kwa nini ni sita, wala si tano au kumi. Akadhani siri iko katika maumbo matano ya jiometri ambayo kila uso wake unafanana na mwingine: ukiyapanga moja ndani ya jingine, yanaacha nafasi za sayari sita. Lilikuwa wazo zuri sana, na halikuwa kweli. Kepler alilipenda hadi kufa. Nalitaja ili tusije tukamfanya malaika. Alikuwa na ndoto zake kama sisi. Lililomtofautisha ni kwamba alitaka ndoto yake ipimwe, na kwa hilo alihitaji vipimo ambavyo hakuwa navyo.

Amana ya Tycho Brahe

Mwenye vipimo hivyo alikuwa Tycho Brahe, tajiri wa Denmark. Kwa miaka 20 hivi, katika kisiwa cha Hven, Tycho alizipima nyota na sayari usiku baada ya usiku, bila darubini, kwa ala kubwa za chuma na mbao, na kwa usahihi ambao Ulaya haikuwa imeuona. Baadaye alikosana na mfalme wa kwao akahamia Prague, kwenye himaya ya Kaizari Rudolf wa Pili.

Huko Graz mambo yakawa magumu. Mtawala Mkatoliki aliwataka Waprotestanti wote wabadili madhehebu au waondoke. Kepler alikataa kubadili. Mwaka 1600 akafukuzwa pamoja na mkewe Barbara, wakaacha sehemu kubwa ya mali nyuma, naye akaenda Prague kwa Tycho.

Tycho hakuwa mkarimu wa karatasi zake. Alimpa Kepler sayari moja tu, Mirihi, ambayo mwendo wake uliwashinda wanafalaki kuliko sayari nyingine zote. Inasemekana Kepler alijigamba kwamba angeimaliza kwa siku nane. Ilimchukua kama miaka mitano.

Tarehe 24 Oktoba 1601 Tycho akafariki, na Kepler akateuliwa kushika nafasi yake kama mwanahisabati wa Kaizari. Hapa kuna jambo ambalo si zuri kwake. Aliyachukua madaftari ya Tycho kabla warithi hawajayatia mkononi, na mwenyewe alikiri hivyo baadaye. Ugomvi na warithi ulichelewesha kitabu chake kwa miaka. Sisi tunaojua uzito wa amana na mirathi hatuwezi kulipita hilo kimya. Lakini upo upande mwingine wa amana ambao aliutimiza kuliko yeyote: hakukubali kuvipuuza alivyovipima Tycho ili hesabu zake mwenyewe zipate kukaa sawa.

Dakika nane

Nakuomba uwe nami hapa, kwa sababu ndipo penye kiini cha habari yote.

Tangu Wagiriki, miaka 2000 nyuma, watu wa elimu walikubaliana kwamba mwendo wa mbinguni lazima uwe wa duara, kwa kuwa duara ndilo umbo kamilifu. Ptolemy alilisema hilo katika kitabu ambacho sisi tunakijua kwa jina la Al-Majisti. Wanafalaki wa Kiislamu walimkosoa Ptolemy kwa mengi, na Ibn al-Haytham aliandika kitabu kizima cha shaka juu yake, lakini duara lilibaki. Copernicus alilihamisha jua likawa katikati, na duara likabaki.

Kepler naye alianza na duara. Alitengeneza njia ya Mirihi kwa hesabu ndefu za mkono, akairudia si chini ya mara 70, kila safari kurasa na kurasa za tarakimu. Mwishowe akapata njia iliyoonyesha mwelekeo wa Mirihi kwa kosa lisilozidi dakika mbili za digrii. Hakuna aliyewahi kufika hapo. Angeweza kukitoa kitabu na kupokea sifa.

Yeye akaijaribu tena kwa upande mwingine, upande wa umbali wa Mirihi na jua. Ikakataa. Alipoirekebisha ili umbali ukae sawa, mwelekeo nao ukaharibika, na kosa likafika dakika nane.

Dakika nane ni kitu gani? Digrii moja ina dakika 60. Mwezi mpevu unaouona angani una upana wa dakika 30 hivi. Dakika nane ni kama robo ya upana wa mwezi. Kwa Ptolemy, ambaye vipimo vyake vilikuwa na kosa la dakika 10 hivi, tofauti hiyo isingeonekana. Lakini Kepler alijua kwamba Tycho hakosei dakika nane. Kwa hiyo kosa lilikuwa katika nadharia, na nadharia ilikuwa ni yake mwenyewe, kazi ya miaka.

Akaitupa. Akaanza upya, na safari hii hakuanza na umbo analolipenda. Alianza na swali jipya: ni kitu gani kinachoisukuma sayari? Mwingereza William Gilbert alikuwa ametoa kitabu juu ya sumaku mwaka 1600, akisema dunia yenyewe ni sumaku kubwa. Kepler akafikiri kwamba huenda jua nalo lina nguvu inayotoka kwake na kuzisogeza sayari, nguvu inayopungua kwa umbali. Kuhusu sumaku alikosea. Lakini swali lenyewe lilikuwa mlango mpya. Kazi ya mwanafalaki ilikuwa kuchora njia ya sayari. Kuanzia hapo ikawa pia kutafuta sababu ya njia hiyo. Elimu ya mbingu na elimu ya vitu vya ardhini, ambazo zilikaa vyumba viwili, zikaanza kukaa chumba kimoja.

Kwa njia hiyo aligundua kwamba sayari haiendi kwa kasi moja. Ikikaribia jua huharakisha, na ikiwa mbali hupunguza mwendo, kwa namna ambayo mstari unaoiunganisha na jua hufagia eneo lilelile katika muda uleule. Kisha akajaribu njia yenye umbo la yai, ikakataa. Hatimaye, mwaka 1605, akafika kwenye duaradufu, yaani duara lililobonyezwa, na jua halikai katikati yake bali pembeni kidogo. Kwa Mirihi mbonyeo huo ni mdogo mno: upana wa njia unapungukiwa na urefu wake kwa chini ya nusu ya asilimia moja. Ukiichora kwenye daftari utaapa ni duara. Dakika nane ndizo zilizoufichua. Kitabu chake, Astronomia Nova, kilitoka mwaka 1609.

Mrithi wa Ibn al-Haytham

Katikati ya kazi hiyo Kepler aliandika kitabu kingine, cha mwaka 1604, juu ya nuru na jicho. Alikiita nyongeza kwa Witelo. Witelo alikuwa mwanazuoni wa karne ya 13 aliyejenga kazi yake juu ya Kitab al-Manazir cha Ibn al-Haytham, na mwaka 1572 vitabu vya wawili hao vilichapwa pamoja huko Basel. Ibn al-Haytham alikuwa amethibitisha kwamba tunaona kwa nuru inayotoka kwenye vitu na kuingia jichoni, si kwa miale inayotoka jichoni. Lakini alidhani picha inapokelewa sehemu ya mbele ya jicho, ikiwa imesimama wima. Kepler alionyesha kwamba lenzi ya jicho huikusanya nuru na kuitua nyuma, kwenye retina, na kwamba picha hutua ikiwa juu chini.

Ndugu zangu, tazameni adabu ya kazi hii. Kepler hakumdharau aliyemtangulia, wala hakusimama pale alipomkuta. Alimsoma, akampima, akamsahihisha, kama vile Ibn al-Haytham alivyomfanyia Ptolemy. Huko ndiko kumrithi mwanazuoni. Kulitaja jina lake kwenye darsa na kufunga kitabu si kumrithi.

Mwana mbele ya mahakama

Mwaka 1611 ulikuwa mwaka wa msiba kwake. Mwanawe mpenzi alifariki kwa ndui, kisha Barbara naye akafariki. Kaizari Rudolf akafa mwaka uliofuata, na Kepler akahamia Linz. Huko Walutheri wenzake wakamnyima ushirika wa kanisa kwa sababu hakukubali kutia saini tamko la imani asilokubaliana nalo lote. Wakatoliki walimfukuza kwa kuwa Mlutheri, na Walutheri wakamtenga kwa kutokuwa Mlutheri wa kutosha.

Kisha mwaka 1615 mama yake akashitakiwa kuwa mchawi. Jirani mmoja alidai kwamba alimnywesha kitu kilichomtia ugonjwa. Wengine nao wakakumbuka kila kuumwa kwao. Mwaka 1620 mama huyo, mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, alikamatwa akafungwa kwa minyororo. Wanawake wengi wa zama hizo walichomwa moto kwa mashitaka ya namna hiyo.

Kepler aliacha kazi akaenda kumtetea. Alifanya mahakamani lile alilolifanya kwa Mirihi. Alichukua kila shitaka peke yake, akauliza ni sababu gani ya kawaida inayoweza kulieleza. Mwalimu aliyedai kulemazwa kwa uchawi, kumbe aliumia aliporuka mtaro. Mama alikaa kifungoni miezi 14. Alipelekwa akaonyeshwa vyombo vya mateso ili aungame, akakataa. Aliachiwa mwezi Oktoba 1621, na miezi sita baadaye akafariki.

Katika nchi zetu hizi bado vikongwe wananyooshewa kidole kwa sababu ya macho mekundu au msiba wa jirani. Najua wapo wanaodhani sayansi ni mambo ya mitihani tu. Huyu mama aliokoka kwa sababu mwanawe alizoea kuuliza ushahidi uko wapi.

Sheria ya tatu na safari ya mwisho

Tarehe 15 Mei 1618, miezi michache baada ya kumzika binti yake mdogo, Kepler alipata sheria yake ya tatu. Chukua umbali wa sayari na jua, ukihesabu ule wa dunia kuwa moja; uzidishe kwa wenyewe mara tatu, kisha tafuta kipeo cha pili chake, utapata miaka inayotumia kulizunguka jua. Mshtarii iko mbali mara 5.2. Fanya hesabu: 5.2 mara 5.2 mara 5.2 ni 140.6, na kipeo chake cha pili ni 11.9. Mshtarii hulizunguka jua kwa miaka 11.9. Kanuni moja kwa sayari zote. Siku nane baada ya hapo vilianza vita vilivyoiunguza Ujerumani kwa miaka 30.

Katika vita hivyo alimaliza majedwali ya mwendo wa sayari, yaliyotoka mwaka 1627. Muda wote huo mshahara wake ulikuwa haulipwi ipasavyo, naye alijikimu pia kwa kuandika kalenda za utabiri wa nyota. Sehemu kubwa ya utabiri huo aliudharau, ila hakuutupa wote. Sisi tunajua hukumu ya unajimu wa aina hiyo katika dini yetu. Ajabu ni kwamba hesabu zake zilimsaidia kila aliyetaka kuitenga falaki na ramli.

Mwaka 1630 alipanda farasi kwenda Regensburg kutafuta fedha alizokuwa akidai. Alifika mgonjwa, akafariki tarehe 15 Novemba. Makaburi alimozikwa yaliharibiwa na vita, na kaburi lake halijulikani. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 7 Novemba 1631, Pierre Gassendi akiwa Paris aliiona sayari Utaridi ikipita mbele ya jua kama kidoa cheusi, siku ileile aliyoitaja Kepler. Mwaka 1687 Isaac Newton alionyesha kwamba sheria zote tatu zinatokana na nguvu moja ya mvutano, ileile inayoangusha embe.

Yanayotuhusu

Ukitaka kuziona sheria hizo, huna haja ya kwenda Prague. Tazama ratiba ya swala ukutani mwa msikiti. Hapa Bujumbura, na kwa wenzetu wa Kigali vilevile, mwanzoni mwa Novemba jua hufika kilele chake karibu saa sita kasoro robo, lakini katikati ya Februari hufika yapata saa sita na robo. Nusu saa ya tofauti, na adhuhuri huifuata. Sababu ni mbili: mhimili wa dunia umeinama, na dunia haiendi kwa kasi moja, huharakisha mwezi Januari inapokuwa karibu zaidi na jua. Wanazuoni wetu wa nyakati za swala waliijua tofauti hiyo na kuihesabu karne nyingi kabla. Kepler ndiye aliyeionyesha njia ya kweli inayoizalisha.

Lakini nilichotaka hasa kusema ni hiki. Nimewaona wanafunzi katika maabara, Waislamu na wasio Waislamu, ambao kipimo kikitofautiana na kitabu wanakibadili kipimo. Tarakimu inapikwa ili ripoti ipendeze. Tunaliita jambo dogo. Ndugu yangu, ule ni ushahidi wa uongo juu ya kitu alichokiumba Mwenyezi Mungu. Mtu ambaye hakuwa na Qur'ani mkononi aliona haya kuzifumbia macho dakika nane, akapoteza kazi ya miaka kwa ajili yake, na kwa haya hiyo akapata alichokikosa kila aliyemtangulia. Sisi tuliofundishwa kupima kwa haki na kutopunja mizani, tutajibu nini?

Kwa hiyo andika ulichokiona. Kikitofautiana na kitabu, pima tena. Kikitofautiana tena, usikifute. Muulize mwalimu wako, na muulize Mola wako akuzidishie elimu.

Wabillahi tawfiq.